Ekrani yako inasema kweli? Namna ya kuchagua kifaa cha kupima rangi kwa wanaotengeneza picha

Studio nyingi za Goma, Bukavu, Bunia, Butembo na Uvira zinajua hili tatizo. Picha ya arusi inapendeza sana kwenye ordinatere. Inapotoka kwenye karatasi, uso wa bibi-arusi umekuwa mweusi kama kivuli, kikwembe cha rangi ya machungwa kimekuwa kama cha udongo, na shati jeupe linavuta bluu. Muteja anakataa kulipa. Mwenye studio anatoa tena picha kwa karatasi yake na wino wake mwenyewe, na faida ya siku inaishia hapo.

Wengi wanalaumu mashini ya kutolea picha, ao wino. Mara zingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa linaanzia mbele zaidi, kwenye ekrani. Kama ekrani inaonyesha picha yenye mwangaza kuliko vile iko, fundi ataipunguza mwangaza pasipo kujua. Kama ekrani inavuta bluu, fundi ataongeza manjano na nyekundu kusudi ione sawa. Yeye anasahihisha kosa la ekrani, lakini sahihisho linabaki ndani ya picha na linatoka kwenye karatasi.

Kwa hiyo kuna kifaa kidogo cha kupima rangi ya ekrani. Kwa Kifaransa wengi wanakiita sonde. Bei yake haiko ndogo kwa studio ya kartye, na sonde mbaya ao isiyofaa ni makuta yaliyopotea. Hapa tunaeleza kile kinachofanya, kile kisichofanya, na namna ya kuchagua.

Sonde inafanya nini?

Sonde iko na ukubwa wa panya ya ordinatere. Unaiweka juu ya kioo cha ekrani, na waya wake unaingia kwenye USB. Programu inaonyesha rangi moja-moja: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Sonde inapima mwangaza na rangi inayotoka kweli. Programu inalinganisha kile ilichoomba na kile ekrani ilitoa, na inaandika tofauti zote.

Kisha inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kusawazisha: weupe, mwangaza na ngazi za kijivu zinapelekwa kwenye kipimo kinachojulikana. Ya pili ni kuandika faili ndogo inayoitwa profaili ya ICC, yaani cheti kinachosema «ekrani hii inaona rangi namna hii». Jina ICC linatoka kwa muungano wa kimataifa wa makampuni, International Color Consortium, ulioundwa mwaka wa 1993 kusudi mashini za makampuni tofauti zisikilizane juu ya rangi. Programu za picha kama Photoshop, Lightroom, GIMP na darktable zinasoma cheti hicho. Programu zingine za kufungulia picha hazikisomi, ndiyo maana picha moja inaweza kuonekana namna mbili kwenye ordinatere moja.

Kwa nini jambo hili linatugusa sana

Ngozi nyeusi na ya kahawia iko na vivuli vingi vya karibu-karibu. Ekrani yenye kosa inafunika vivuli hivyo: paji la uso linang'aa kupita kiasi, ao shavu na nywele vinakuwa kitu kimoja cheusi.

Jambo hili liko na historia. Katika karne ya 20, maabara za picha zilikuwa zinapanga rangi kwa kufuata kadi za mufano zilizotoka kwa Kodak, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Kwa miaka mingi mutu aliyeonyeshwa kwenye kadi hizo alikuwa mwanamuke mweupe. Ilikuwa katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilitoa kadi yenye watu wa ngozi tofauti-tofauti. Leo fundi hategemei tena kadi ya maabara ya mbali. Anaamua mwenyewe mbele ya ekrani yake. Ni lazima basi ekrani hiyo iseme kweli.

Mbele ya kununua: mambo tano ya bure

Usitoe hata dola moja mbele ya kufanya haya:

1. Punguza mwangaza wa ekrani. Ekrani mupya inatoka kiwandani ikiwaka sana kusudi ivutie dukani. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya picha kutoka nyeusi kwenye karatasi. Weka karatasi nyeupe kando ya ekrani katika mwangaza wako wa kawaida wa kazi. Nyeupe ya ekrani isiwake kuliko karatasi kama taa.

2. Chagua hali ya «sRGB» ao «Standard» katika menyu ya ekrani. Achana na hali za «Vivid», «Game» na «Cinema».

3. Zima kila kitu kinachobadilisha rangi chenyewe: rangi ya usiku yenye kuvuta manjano, mwangaza unaojipanga, na hali ya kuokoa batri.

4. Angalia chumba. Ukuta wa kijani ao wa bluu, na shati jekundu la fundi, vinarudisha rangi yao kwenye kioo. Kijivu ao nyeupe tulivu ni bora. Dirisha lisiwe mbele ya kioo.

5. Acha ekrani iwake nusu saa mbele ya kuamua rangi. Ikiwa baridi, haijatulia.

Kuna studio ambazo, kisha kufanya haya tano, tatizo lao linapungua sana. Hao wanaweza kungoja. Wanaofanya kazi kila siku, wanaotoa picha kubwa za kutundika, ao wanaotuma kazi kwa magazeti na mashirika, watafika mahali ambapo jicho peke yake halitoshi. Jicho linazoea: likikaa dakika kumi mbele ya ekrani ya bluu, linaanza kuiona nyeupe. Sonde haizoei.

Ekrani kwanza, sonde kisha

Sonde haigeuze ekrani mbaya kuwa nzuri. Ordinatere nyingi za mukono za bei ya chini ziko na kioo ambacho, katika maelezo ya kiwanda, kimeandikwa «45% NTSC». Maana yake kioo hicho kinaweza kuonyesha karibu sehemu mbili kwa tatu tu za rangi za sRGB, kipimo cha kawaida cha picha za intaneti na maabara nyingi. Nyekundu kali ya kikwembe haimo ndani yake, na hakuna sonde itakayoiingiza.

Kitu kingine ni pembe ya kuangalia. Inamisha kioo kidogo mbele na nyuma. Kama nyeusi inageuka kuwa kijivu na ngozi inabadilika rangi, hicho ni kioo cha aina ya TN. Kwa kazi ya picha tafuta kioo cha IPS, na katika maelezo yake tafuta 99% ao 100% ya sRGB.

Kwa hiyo, kama mutu ana dola 200 tu na anafanya kazi kwenye kioo cha 45% NTSC, ni afazali atafute kwanza ekrani ya IPS ya inchi 22 ao 24, hata ya okazio. Sonde itafuata. Kununua sonde kwa kioo kile cha zamani ni kama kununua mizani ya zahabu kwa kupimia mchanga.

Aina mbili za vifaa

Aina ya kwanza ni kolorimetre. Inaangalia mwangaza kupitia vichujio vya rangi, karibu namna jicho letu linafanya. Iko nyepesi, inapima haraka, na inafanya vizuri hata kwenye vivuli vyeusi. Uzaifu wake: ni lazima programu ijue ekrani yako inawaka kwa taa ya namna gani, kwa sababu LED ya kawaida, LED ya rangi pana na OLED hazitoi mwangaza sawasawa. Unapoanza, programu inakuuliza aina ya ekrani. Ukichagua vibaya, kipimo kinapotoka.

Aina ya pili ni spektrofotometre. Hii inapasua mwangaza vipande-vipande kama upinde wa mvua na kupima kila kipande. Inaweza kupima ekrani, na aina nyingi zinapima pia karatasi iliyotolewa picha. Bei yake iko juu: zile za chini zinagusa dola mia tano ao zaidi, na zile za kitaalamu zinapita elfu moja. Katika vivuli vyeusi vya ekrani, nyingi hazishindi kolorimetre nzuri.

Kwa studio ya picha za arusi, pasipoti na sherehe, kolorimetre inatosha. Spektrofotometre ni ya mwenye mashini kubwa ya kutolea picha, anayebadilisha karatasi na wino mara kwa mara, na anayetaka kutengeneza profaili ya kila karatasi.

Hapa wengi wanakosea: wananunua kolorimetre wakitumaini kwamba mashini yao ya wino wa kumimina itatoa rangi sawa. Kolorimetre ya ekrani haipimi karatasi. Kama umeweka wino wa bei rahisi usio wa kiwanda, kosa la wino litabaki. Faida utakayopata ni kujua kwamba kosa haliko tena kwenye ekrani.

Majina yaliyo sokoni

Makampuni mawili yanajulikana zaidi. La kwanza ni Calibrite. Tangu mwaka wa 2021 ndilo linauza vifaa vya wapiga-picha vilivyokuwa mbele vinauzwa kwa jina la X-Rite. Kwa hiyo ukiona i1Display Pro ya X-Rite na ColorChecker Display Pro ya Calibrite, ujue ni watu wa ukoo mumoja. Kati ya vifaa vyake kuna Display SL, Display Pro HL na Display Plus HL.

La pili ni Datacolor, yenye vifaa vinavyoitwa Spyder. SpyderX ilitoka mwaka wa 2019, SpyderX2 mwaka wa 2023, na kisha ikaja SpyderPro mwaka wa 2024.

Kwa bei, ngazi ya kwanza ya makampuni yote mawili iko karibu dola 120 mpaka 180 kule inje, na ngazi ya katikati karibu 250 mpaka 350. Ongeza usafiri na forode. Bei zinabadilika, kwa hiyo uliza mara mbili.

Unalipa zaidi kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu ya programu: namna ya kuchagua mwenyewe weupe na mwangaza, kulinganisha ekrani mbili, kupima mwangaza wa chumba. Sababu nyingine ni nguvu ya kupima ekrani zinazowaka sana. Display Pro HL inapima mpaka niti 3 000, na Plus HL mpaka 10 000. Lakini kazi ya picha za karatasi inafanyika kati ya niti 80 na 120. Usilipe kwa nguvu ambayo hautaitumia.

Kuna pia ekrani za bei kubwa, kama EIZO ColorEdge, ambazo zinahifazi sahihisho ndani ya ekrani yenyewe, na aina zake za CG ziko na kipimo kilichojengwa ndani. Kwa studio nyingi za kwetu hiyo ni ndoto ya kesho.

Programu ya bure

Kuna programu ya bure inayoitwa ArgyllCMS, ya Graeme Gill, na uso wake rahisi unaoitwa DisplayCAL, ulioanzishwa na Florian Höch. Zinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Faida yake ni kubwa: kifaa cha ngazi ya chini kinaweza kufanya mambo mengi ambayo programu ya kiwanda ilifungia wenye kulipa zaidi. Lakini si kila kifaa kipya kinakubaliwa mara moja. Mbele ya kununua, angalia kama jina kamili la kifaa chako limo kwenye orodha ya ArgyllCMS.

Okazio: angalia vizuri

Vifaa vingi vinafika kwetu kupitia Dubai, Kampala ao Kigali, ao kwenye mizigo ya ndugu walio Ulaya. Okazio inaweza kuwa nzuri, lakini uliza maswali haya:

– Ni cha mwaka gani? Spyder2, Spyder3 na i1Display 2 zilizaliwa wakati ekrani nyingi zilikuwa zinawaka kwa taa ndogo za neo, mbele ya LED. Vichujio vya vifaa vya zamani vinaharibika pia na unyevu na miaka, na kwa inje haionekani. Ukipewa bure, sawa. Usivinunue.

– Namba ya siri iko? Spyder inaomba namba ya seri kusudi programu ifunguke. Kama karatasi ao kisanduku chenye namba vimepotea, unaweza kubaki na kipande cha plastiki.

– Kioo cha chini kiko safi? Hakuna ukungu, mukwaruzo ao alama ya kidole?

– Waya ni wa USB ya kawaida ao USB-C? Vya karibuni vinatumia USB-C. Ordinatere ya zamani inahitaji kiunganishi kidogo.

– Programu yake inafunguka kwenye ordinatere yako? Omba ufunguliwe mbele yako, na upimaji ufike mwisho, mbele ya kutoa makuta.

Umeme wetu na namna ya kupima

Vitabu vya kiwanda havizungumzi juu ya umeme unaokatika. Kwetu ni lazima kuzungumza juu yake. Ordinatere nyingi za mukono zinapunguza mwangaza, na hata kubadilisha ngazi za rangi, mara tu zinapohamia kwenye batri. Ukipima wakati waya iko kwenye umeme, kisha unafanya kazi kwenye batri, cheti chako si cha kweli tena. Kwa hiyo zima hali zote za kuokoa nguvu, pima katika hali ile ambayo unafanyia kazi, na umeme ukikatika, fanya kazi zingine: kuchagua picha, kukata, kupanga. Acha rangi ya ngozi mpaka umeme urudi.

Siku ya kupima, safisha kioo na kitambaa kikavu, acha ekrani iwake nusu saa, inamisha ekrani kidogo nyuma kusudi sonde ilale vizuri, na funga pazia. Weka namba hizi: weupe 6500 K (D65), gamma 2,2, na mwangaza 100 mpaka 120, kama chumba kiko na giza, shuka mpaka 80. Kazi inachukua dakika tano mpaka kumi na tano kufuatana na kifaa. Rudia kila mwezi, kwa sababu taa za ekrani zinazeeka polepole.

Mwisho programu itakuonyesha kosa lililobaki, kwa alama inayoitwa delta E. Likiwa karibu na 1, jicho halioni tofauti. Chini ya 3, kazi ya studio inaenda vizuri. Likipita hapo kwenye rangi nyingi, ekrani yenyewe imechoka, ao umechagua aina ya ekrani isiyo yake.

Hifazi sonde ndani ya kisanduku chenye kufunga, pamoja na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu kinachopatikana ndani ya viatu vipya. Vumbi na unyevu ndivyo adui zake.

Kununua pamoja, kama likelemba

Sonde inafanya kazi nusu saa kwa mwezi. Siku zingine zote inalala. Kwa hiyo hakuna sababu kila studio inunue yake. Studio tano za kartye moja zinaweza kutoa dola 30 ao 40 kila moja na kununua moja nzuri, namna watu wanafanya likelemba ao AVEC. Andikeni wazi nani anaihifazi, inapita wapi siku gani, na nani analipa ikianguka. Someni pia ruhusa ya programu: nyingine inakubali ordinatere nyingi, nyingine inaweka mpaka. ArgyllCMS haina mpaka huo.

Faida nyingine: studio zote tano zitakuwa na ekrani zinazosema luga moja, na muteja aliyetoka kwa mwenzako atapata rangi ileile kwako.

Na wanaofanyia kazi kwenye telefone?

Sonde hizi hazitawasaidia sana. Kwao, waweke ekrani ya telefone katika hali ya «Natural» ao ya kawaida badala ya «Vivid», wasifanye kazi kwenye jua, na watoe picha moja ya majaribio mbele ya kutoa hamsini.

Kwa ufupi: nani anunue nini

Anayeanza, mwenye ordinatere moja ya mukono: afanye mambo tano ya bure, aweke akiba ya ekrani ya IPS. Studio inayotoa picha kila siku na iko na ekrani ya IPS: kolorimetre mupya ya ngazi ya kwanza, peke yake ao pamoja na majirani. Mwenye ekrani mbili ao anayetuma kazi inje ya inchi: kolorimetre ya ngazi ya katikati. Mwenye maabara na mashini kubwa: spektrofotometre, na mutu mumoja aliyejifunza kuitumia.

Kifaa chochote utakachochagua, jaribio la mwisho ni hili: toa picha moja ya mutu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe, iweke kando ya ekrani kwenye mwangaza muzuri wa mchana, na angalia paji la uso, shavu na mukunjo wa shati. Vikisikilizana, unaweza kutoa kazi ya muteja pasipo woga. Visiposikilizana na ekrani imeshapimwa, sasa unajua kwamba unapaswa kutafuta kwenye wino na karatasi.